Boti ya Mringaringa Iliyokwama Kwenye Masale

Kirua Vunjo. Saa mbili asubuhi, Basili Mlay amelala chali juu ya gunia chini ya boti, tochi ya simu mkononi. Juu yake mkewe, Margareta, anamimina maji ndani ya boti hiyo kwa ndoo, na kila baada ya ndoo anainama kuuliza kama ameona tone.

"Mimina tu," sauti inajibu kutoka chini.

Maji yanatoka kwenye mfongo, mfereji wa asili unaopita juu ya kihamba chao cha migomba na kahawa, na leo ni zamu yao ya kumwagilia. Migomba itasubiri. Chini ya boti Basili ametandaza majivu makavu ya jikoni, ili tone likianguka liache alama hata kama jicho limepitiwa.

Watu wa ziwani wakiona hili watacheka mpaka washike mbavu. Wao wakitaka kujua kama boti inavuja huiweka majini. Lakini hapa ni mlimani, maji yote yana haraka ya kwenda bondeni, na hakuna hata dimbwi la kuelea bata. Kwa hiyo fundi ameona afadhali aweke maji ndani ya boti.

"Tundu ni tundu," anasema. "Likipitisha maji kwenda nje, litayapitisha na kuja ndani."

Boti inajaa mpaka karibu na ukingo. Wanangoja. Margareta anapika chai, anaileta, inapoa bila kunyweka. Jua linapofika juu ya migomba, majivu bado ni makavu, na Basili anajiburuta kutoka chini akiwa mweupe nywele na mgongo.

"Haivuji," anasema. Kisha anasema tena, polepole zaidi. Margareta anageukia upande wa kahawa na kujifuta macho kwa ncha ya kanga.

Basili ana umri wa miaka 58 na ni seremala. Anatengeneza vitanda, milango, mabenchi ya kanisa na, zaidi ya vyote, majeneza. Majeneza ndiyo yaliyosomesha watoto wake, ingawa si kazi ambayo mtu anaweza kuombea iongezeke. Mwezi mzuri humwachia kama laki mbili, na mwezi mzuri kwake, anakumbusha mwenyewe, ni mbaya kwa nyumba nyingine.

Kijijini wanamjua kwa sauti. Nyundo ikilia kwa fundi Basili jioni, watu husimama njiani na kuulizana nani amefariki. Ndiyo maana kazi hii mpya ilipoanza, na kitu kirefu kikaonekana kimefudikizwa chini ya banda nyuma ya nyumba, bibi mmoja aliyekuwa anapita na majani ya ng'ombe alisimama akapiga ishara ya msalaba. Mwingine aliuliza kama ni chombo cha kupikia mbege, pombe ya ndizi, ya harusi kubwa, maana zamani mti wa mringaringa ulichongwa kwa kazi hiyo.

"Nikiwaambia ni boti wanacheka," anasema Basili. "Wananiuliza, fundi, gharika inarudi lini?"

Yeye hakucheka sana, kwa sababu boti ile haikuanza na mzaha.

Ni ya Stella, binti yake wa pili, mama wa watoto wawili, aliyeolewa huko chini karibu na bwawa la Nyumba ya Mungu. Mumewe hufanya vibarua vya mpunga Mabogini, na Stella mwenyewe huvuka bwawa kwenda kununua samaki kwenye kambi za wavuvi, kisha huwavusha, huwakausha na kuwauza. Mtumbwi aliokuwa akiutumia ulikuwa wa mbao kuukuu zilizozibwa kwa vipande vya bati na lami.

Masika ya mwaka jana, katikati ya bwawa, kiraka kimoja kiliachia. Samaki wakarudi walikotoka. Stella, ambaye kama watoto wengi wa mlimani hajui kuogelea, alikumbatia dumu tupu la mafuta ya kula mpaka wavuvi wakamfikia.

Simu ilimkuta baba yake kazini.

"Nilikuwa napiga misumari jeneza la mtu," anasema. "Niliposikia, nyundo ilinishinda. Niliona kabisa kwamba jeneza lile lingeweza kuwa la mwanangu, na ningelitengeneza mimi mwenyewe."

Kilichomuumiza zaidi ni kilichofuata. Baada ya wiki mbili Stella alirudi majini na mtumbwi uleule, umebandikwa bati jingine. Alimwambia baba yake kwamba watoto hawali hofu. Basili akaahidi kumtengenezea chombo kipya, bila kujua hata boti inaanzia wapi, mbele au nyuma.

Alijifunza kwenye simu. Stella alimtumia video za mzee mmoja wa ng'ambo anayejenga boti nyumbani kwake kwa fito nyembamba za mbao, zilizounganishwa ubavu kwa ubavu kwa gundi. Mzee huyo anaongea lugha ambayo Basili haifahamu mpaka leo, lakini hilo halikumsumbua.

"Nilikuwa namwangalia mikono tu," anasema. "Kilichonisumbua ni bando. Bando linaisha hasa pale anapokunja ufito wa mwisho."

Ujenzi wenyewe unataka moyo. Kwanza alisimamisha mbavu za mbao za muda juu ya boriti iliyonyooka, akitumia mabaki ya mifuniko ya majeneza. Kisha akapasua mbao kuwa fito, kila mmoja na upana wa vidole viwili, akaziranda kwa randa ya mkono kiangazi chote. Ufito mmoja baada ya mwingine aliulaza juu ya mbavu, akaupaka gundi ubavuni na kuubana kwa uliotangulia.

Fundi wa kwenye video ana vibanio vya chuma vilivyojaa ukuta mzima. Basili alishuka Kiboriloni na kurudi na mzigo wa mipira ya ndani ya pikipiki iliyochoka, akaikata mikanda, akafunga nayo boti yake yote kila alipobandika ufito. Sehemu za mbele, ambako fito zinatakiwa kujikunja sana, alizichemsha kwanza kwenye sufuria kubwa ya Margareta ya kupikia ndizi za mbege. Margareta anasema mbege iliyofuata ilikuwa na harufu ya kabati.

Mwisho kabisa ulikuja mtihani wa fedha, maana boti ya namna hii huvikwa kitambaa cha fibaglasi kilicholowekwa gundi maalumu, na vyote viwili vilitoka Dar es Salaam kwa basi. Margareta aliuza mtamba wake. Basili alipotaka kubisha, mkewe alimuuliza kama mtamba unaweza kumwokota mtu majini, na mjadala ukaishia hapo.

Mbao hazikununuliwa. Zilikuwepo darini, na kukaa kwao darini ndiko kulikokuwa na maneno.

Kihamba cha Basili kinapakana na cha kaka yake, Thadeus, mwenye miaka 66. Mpaka wao ni mstari wa masale uliopandwa na babu yao. Kwa msomaji asiye wa huku, sale ni mmea wa majani marefu ya kijani usiokufa ovyo, na mpaka wa masale hauguswi na upande mmoja peke yake. Anayeyang'oa kwa siri huchokoza walio hai na waliolala.

Sale lina kazi nyingine pia. Mchagga akimkosea mwenzake, hukata jani lake, hulipiga fundo na kulipeleka kwa aliyemkosea. Anayeletewa jani hilo anatarajiwa kusikiliza, hata kama bado ana hasira.

Juu ya mpaka huo, katikati ya masale, baba yao alipanda mringaringa. Mti ukakua ukawa wa wote na si wa mtu. Miaka mitatu iliyopita upepo uliuangusha upande wa Basili, ukavunja kahawa zake. Thadeus alikuwa Arusha kwa mwanawe. Basili, akihofia mti usije ukaozeshwa na mvua, aliita watu wa msumeno na kupeleka magogo kwenye mashine ya kupasua mbao huko Uchira.

Thadeus aliporudi kutoka Arusha, aliteremkia Uchira kununua sukari. Mbele ya duka kulikuwa na mashine, na juu ya mashine aliuona mti wa baba yake, akiutambua kwa kovu la mahali walipokuwa wakitundika mzinga wa nyuki.

"Simu anayo," Thadeus alimwambia mwandishi wa makala haya baadaye. "Hata kusema kaka, mti wa baba umeanguka, hakusema. Nimeukuta unapasuliwa na watu nisiowajua."

Basili naye alikuwa na maneno yake. Mti uliangukia kwake, umemvunjia kahawa, gharama za msumeno kalipa yeye, sasa aulize nini. Kila mmoja alikuwa na nusu ya haki, na nusu ya haki ndiyo inayowatesa ndugu kuliko kukosa yote.

Tangu hapo hawakuongea. Kanisani walikutana kila Jumapili, na kwa kuwa mdogo hawezi kumpita mkubwa kimya, Basili alisema shikamoo. Thadeus alijibu marahaba, kwa kuwa marahaba hainyimwi, huku akiangalia mlima. Mpaka mzima wa masale ulikuwa kati ya nyumba zao, majani hayana idadi, na hakuna aliyekata hata moja.

Mbao zilipotoka Uchira, Basili alizipandisha darini akazifunga kwa kamba. Hakuzitumia kwa kabati, mlango wala jeneza.

"Zilikuwa mbao zenye kesi," anasema. "Utamzikaje mtu ndani ya kesi?"

Ni shida ya Stella tu iliyomfanya azishushe. Lakini hata hapo hakumwambia kaka yake. Kijijini uvumi ukaenea kwamba fundi anatengeneza boti ya hoteli ya watalii, na Basili akauacha uvumi utembee, kwa sababu kuukanusha kungemlazimu kwenda kuongea. Margareta alimsihi zaidi ya mara moja. Yeye alijibu kwamba boti ikishakwisha watu wataona wenyewe.

Basi, boti ikaisha. Ilipita mtihani wa majivu siku ya Ijumaa, na Jumamosi wanaume wa jumuiya yao walifika mapema kuibeba. Dereva aitwaye Jesse alikuwa amekodiwa na lori lake aina ya fuso, ameliegesha barabarani juu. Stella alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuuliza kama wameshapakia.

Kutoka banda la Basili hadi barabarani kuna njia moja tu ya miguu. Upande wa chini ni korongo. Upande wa juu ni masale ya mpaka. Katikati ya njia kuna kona, ambako jiwe kubwa lililoota chini kabla ya ukoo wenyewe kufika huisukuma njia kulia, halafu kushoto.

Basili aliijua kona hiyo, na hapa ndipo fundi wetu alipoteleza. Kabla hajakata ufito wa kwanza alikwenda kuipima, si kwa futi, bali kwa kumbukumbu ya kazi yake.

"Majeneza yote niliyotengeneza yamepita pale," anasema, akijishika kichwa. "Hata la marehemu mmoja mrefu sana lilipita, limebebwa na watu sita. Nikasema kama marehemu anapita, boti itapita."

Marehemu, kwa bahati mbaya, huwa mfupi kuliko boti. Boti hii ina urefu wa mita tano na ushee. Mbele yake ilipofika kwenye masale, nyuma yake ilikuwa bado imebana kwenye jiwe. Wakaiinua juu, ikagusa matawi. Wakailaza ubavu, ikakwama. Wakaisimamisha, na wanaume wawili nusura watumbukie korongoni nayo. Jesse, aliyeteremka kuja kuona kinachochelewesha, aliikagua kona kwa jicho la dereva.

"Mangi, hii haikati kona," alisema. "Labda uipunguze."

Mmoja wa wabebaji alipendekeza ikatwe katikati na kuungwa tena huko bwawani. Basili alikwenda kusimama kati yake na boti, na yule bwana akaelewa.

Pendekezo lililokuwa wazi kwa kila mtu lilikuwa jingine. Ng'ambo ya masale ni uwanja wa Thadeus, tambarare, na geti lake ni pana kiasi cha gari kuingia. Kama masale machache yangeondolewa pale konani, boti ingepita moja kwa moja bila kupinda. Kijana mmoja alikuwa na panga mkononi tayari. Alisema yataota tena, ni majani tu.

"Weka panga chini," Basili alimwambia.

Wakairudisha boti bandani. Fuso likaondoka tupu. Wanaume wakanywa mbege waliyoandaliwa kwa ajili ya furaha, wakainywa kwa adabu ya msibani, wakatawanyika.

Jioni Stella alipiga simu. Baba yake akamweleza habari ya kona, bila kutaja kaka wala mti. Stella alimpa pole. Kisha akasema asijali, Jumanne atavuka na mtumbwi wa zamani, maana wavuvi wa ng'ambo wamemwekea samaki na wasipochukuliwa watauzwa kwa mwingine. Mtumbwi alishauzibua na kuuziba upya.

Basili anasema aliweka simu chini na kukaa kitako juu ya benchi lake la kazi. Nyuma yake kulikuwa na boti isiyovuja, na mtoto wake anakwenda kupanda inayovuja, na katikati ya vitu hivyo viwili hakukuwa na kitu kingine isipokuwa kiburi chake. Alimwambia Margareta maneno hayohayo. Margareta alimjibu kwamba kisu kipo jikoni, na masale yapo nje.

Jumapili baada ya misa ya kwanza, Basili alikata jani moja la sale kutoka upande wake wa mpaka, akalipiga fundo, akazunguka kwa njia ya barabara mpaka geti la kaka yake. Angeweza kupenya kwenye masale, lakini anayekwenda kuomba msamaha hapenyi. Margareta alimfuata nyuma na galoni ya mbege.

Mwandishi hakuwapo. Yanayofuata ni kama walivyoyasimulia ndugu wenyewe, na ikumbukwe kwamba kila mmoja anadai alikuwa mpole zaidi ya mwenzake.

Thadeus alikuwa mlangoni akimenya ndizi. Basili alisema shikamoo, akajibiwa marahaba, safari hii bila mlima kuangaliwa, maana jani lilikuwa limeshaonekana. Akalinyoosha kwa mikono miwili. Thadeus hakulipokea mara moja. Basili akaanza kueleza kuhusu boti, jiwe, urefu wa mita tano, na jinsi masale machache tu yakiondolewa kwa muda yatakavyosaidia.

"Alianza na kona," anasema Thadeus. "Nikamwambia, kona baadaye. Anza na mti."

Basili akaanza na mti. Alisema ulipoanguka alipaswa kupiga simu siku ileile. Alisema hakupiga kwa sababu aliogopa kaka yake angesema wasubiri, na yeye alikuwa ameshaona mbao machoni mwake. Alisema ni mti wa baba, na mti wa baba haupasuliwi na mtoto mmoja. Anakiri kwamba maneno hayo alikuwa nayo moyoni tangu mwaka wa kwanza.

Thadeus akapokea jani. Akauliza hiyo hoteli inalipa kiasi gani.

Ni Margareta aliyejibu, kutoka nyuma, na galoni yake bado kichwani. Alisema hakuna hoteli. Alisema boti ni ya Stella, na akasimulia habari ya bati, ya samaki, na ya dumu la mafuta ya kula.

Thadeus aliacha kisu kikaanguka. Hakuwa amesikia. Mwaka mzima ulikuwa umepita tangu mtoto wa mdogo wake anusurike kufa maji, na ukimya wa nyumba mbili zinazosikiana zikikohoa ulikuwa umeizuia habari hiyo kuvuka masale. Stella humwita Baba Mkubwa. Alipougua surua utotoni, ni yeye aliyembeba mgongoni usiku kumpeleka hospitali wakati baba yake yuko Moshi mjini kutafuta kazi.

"Nililia," anasema Thadeus, na hasemi kwa aibu. "Kisha nikamkasirikia upya. Nikamwambia, Basili, mti wa baba unakwenda kwa mjukuu wa baba, na wewe unanificha? Ungeniambia, ningeshika msumeno upande wa pili."

Kuhusu kona, hata hivyo, alikataa. Masale hayatakatwa kwa panga. Yatachimbuliwa na mizizi yake na udongo wake, na watakaoyachimbua ni wao wawili, kila mmoja amesimama upande wake, kwa sababu mpaka uliowekwa kwa watu wawili hufunguliwa na watu wawili. Jumatatu asubuhi ndivyo walivyofanya. Mwandishi alikuwepo, na anaweza kuthibitisha kwamba wazee hao walibishana kuhusu kina cha shimo, makali ya jembe na hata jina la mtu aliyewafundisha kulima, kwa raha ya watu waliokuwa na njaa ya kubishana.

Masale yaliwekwa kivulini chini ya migomba na kufunikwa kwa gunia lenye maji. Mahali pa kila shina Thadeus aliweka kijiwe, ili kesho asije mtu akadai mpaka umesogea. Kisha boti ikabebwa, ikaelekezwa kwenye uwazi, ikapita ikiwa imenyooka. Haikugusa hata jani.

Wabebaji walishangaa wepesi wake. Jesse, ambaye alikuwa amerudi na fuso, alizunguka akaigonga kwa kidole na kuuliza misumari iko wapi. Alipoambiwa hakuna, alisema atakwenda polepole.

Ilipofungwa kamba, Thadeus alitoka ndani amevaa koti lake la kanisani na kofia, akapanda mbele bila kuuliza nafasi. Basili alikaa nyuma na boti. Walishuka Uchira, ambako mashine ya mbao ilikuwa inanguruma kama kawaida, wakapita Himo, wakakunja Kifaru kuelekea bwawani, na kila waliposhuka joto lilipanda. Thadeus hakuvua koti.

Stella alikuwa amesimama ufukoni na watoto wake. Alipomwona aliyeteremka mbele ya gari alisahau boti. Alimwendea, akasema shikamoo Baba Mkubwa, akaishika mikono yake na hakuiachia. Hakuna aliyemweleza kitu, na yeye hakuuliza.

Boti iliposhushwa, alipitisha kiganja ubavuni mwake, pale fito za rangi ya asali zinapolala pamoja mpaka usione zilipokutana. Akauliza ni mbao gani.

Basili alimwangalia kaka yake.

"Ni mringaringa wa babu yako," alisema Thadeus. "Ule wa mpakani. Tumekuletea."

Wakaisukuma majini. Fundi aliyeipima kwa majivu na kwa majeneza sasa alisimama mikono kifuani, midomo ikitembea, labda kwa sala. Boti ikaelea. Iliinama kidogo Stella alipopanda, ikasimama sawasawa, na alipopiga kasia la kwanza iliteleza mbele kuliko alivyotarajia, akacheka kwa sauti. Alizunguka, akarudi, akakagua chini kwa miguu mitupu. Palikuwa pakavu.

Jumanne alivuka nayo, amevaa na koti la kuokolea ambalo baba yake mkubwa alilinunua Himo njiani. Mtumbwi wa zamani umekuwa kuni za kukaushia samaki.

Wiki kadhaa baadaye mwandishi alimpigia simu Basili kumjulia hali. Alisema kazi ipo. Akina mama wawili wa bwawani wameuliza bei ya boti kama ya Stella, na yeye amewaambia wasubiri aone kwanza mbao za kununua, zisizo na kesi. Banda la kujengea ameshaliamua. Litakuwa uwanjani kwa kaka yake, kwenye geti pana.

Na masale je, yamesharudishwa konani?

Bado. Yapo chini ya migomba, na Thadeus huyamwagia maji kila asubuhi kabla hajanywa chai. Vijiwe viko mahali pake. Lakini kaka anasema wasiharakishe kupanda, boti inaweza kuhitaji kurudi kwa matengenezo, na itapitia wapi.

Mwandishi akauliza kama boti hiyo inatarajiwa kurudi hivi karibuni.

"Hii niliyoijenga mimi?" Basili alicheka. "Hii hata miaka kumi hairudi."

Tumaini lake ni Desemba, watu wa mlimani wanaporudi nyumbani. Stella ameahidi kupanda na watoto na samaki wakavu. Basili anataka wajukuu wale machalari, ndizi za nyama, kwa babu yao mkubwa mchana na kwake jioni, wakipita palepale penye uwazi, bila kuzunguka barabarani.

"Kaka akiniuliza tunapanda masale lini," alisema, "nitamwambia tuisubiri boti."